Daftari Nalo Lina Habari

Sisi tuko Mpemba, hapa kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Baridi ya Julai ilitubana kweli mwaka huu, hata watoto wakawa wanakwenda shule wamejikunyata kama vifaranga.

Mwezi huu tumeonelea vema tuzungumze habari za shule. Hatusemi zile shule kubwa za mijini zenye mabasi, bali shule ya msingi ya kawaida, ile ambayo watoto wetu huiendea kwa miguu. Sababu ni kwamba juma lililoanza tarehe 28 Julai lilikuwa zamu yetu ya kupika uji. Katika mkutano wa wazazi tulikubaliana kila kaya ilete debe la mahindi, na akina mama wapokezane jikoni, wanne wanne, juma kwa juma. Basi sisi wanne tulishinda shuleni tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Tulidhani tunakwenda kukoroga uji tu. Kumbe tulikuwa tunakwenda kusoma na sisi.

Jumatatu

Tulifika kabla ya kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na kiranja huipiga kwa nondo. Watoto walikimbia mchakamchaka huku wakiimba, kisha kila mmoja akaenda kwenye namba yake: wengine kufagia uwanja, wengine kumwagia maji miti, wengine kusafisha vyoo. Halafu wakapanga mistari. Mwalimu wa zamu akakagua kucha, nywele na sare.

Baada ya ukaguzi wanafunzi wawili wa darasa la sita walisimama mbele na kusoma habari walizoziandika wenyewe. Kwamba darasa la saba wanajiandaa kwa mtihani wa Septemba. Kwamba mbuzi wa jirani wameingia tena kwenye bustani ya shule na kula mboga. Na kwamba juma lililopita foleni ya malori ilifika mpaka Mpemba. Hapo wenzao walicheka, maana nani hakuiona?

Kwa wasomaji wa mbali tueleze kidogo. Barabara hii inatoka Dar es Salaam na kuingia Zambia pale Tunduma, na malori mengi yanaendelea hadi Kongo. Tangu mwaka 2019 pana kituo cha pamoja mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukagua mizigo mahali pamoja. Hata hivyo ziko siku malori hurundikana, na foleni ikarudi nyuma kilometa nyingi. Kwa dereva hiyo ni adha. Kwetu sisi akina mama wa kandokando ya barabara ni soko lililotufuata mlangoni. Dereva aliyekaa saa tano bila kusogea ana njaa, naye hununua mayai ya kuchemsha, maandazi, karanga, ndizi na chai. Hulipa kwa shilingi au kwa kwacha, yote tunapokea.

Kwa hiyo tuliposikia habari ile tulicheka pamoja na watoto. Wala hatukujua kwamba habari hiyo ilituhusu sisi jikoni kuliko mtu yeyote.

Jumanne

Jiko la shule liko nyuma ya darasa la kwanza, na dirisha halina kioo. Tuliposonga kuni tulisikia somo lote. Mwalimu aliandika m ubaoni, akafunga midomo akasema, "mmm." Watoto nao, "mmm." Akaandika a. "Aaa." Kisha akaziunganisha: "ma." Kisha "mama."

Mwenzetu mmoja akauliza, "Mbona hasemi me, kama tulivyofundishwa sisi?" Wakati wa mapumziko tulimwuliza mwalimu mwenyewe. Akatueleza kwamba tangu mwaka 2015 madarasa ya kwanza na ya pili yaliwekewa mtaala unaokazia kusoma, kuandika na kuhesabu, ambao watu huuita KKK. Mtoto huanza na sauti ya herufi, si jina lake. Ukimfundisha nyumbani "be, a", atasoma "bea", wala hatapata "ba". Ndiyo maana watoto wengine husoma vizuri shuleni, wakifika nyumbani na kusaidiwa na dada zao wakubwa wanachanganyikiwa.

Kwa hiyo, mama mwenye mtoto wa darasa la kwanza, ukitaka kumsaidia usianze na a, be, che, de. Mwambie, "Nisikilizishe sauti mliyojifunza leo." Halafu mtafute pamoja vitu vya nyumbani vyenye kuanza na sauti hiyo: mmm, maji, mwiko, moto, meza. Jambo hilo hulihitaji kitabu, na unaweza kulifanya ukiwa unamenya viazi.

Jumatano

Siku hiyo tulicheka mpaka machozi. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akisahihisha insha, akatuonyesha sentensi moja: "Mama alininunulia karamu mpya nikaiweka mfukoni." Karamu mfukoni! Wali, nyama na pilau lake, vyote ndani ya mfuko wa kaptula!

Lakini mwalimu hakumcheka mtoto. Alisema hapa kwetu watoto wengi huingia shule wakiwa na Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali, na baadhi yao hawatofautishi r na l wanapozungumza Kiswahili, kwa hiyo huziandika kama wanavyozitamka. Dawa yake si kuwakataza lugha ya nyumbani. Dawa ni kuwazungumzisha Kiswahili kwa utulivu na kuwasomesha kwa sauti. Tulikiri kimoyomoyo kwamba hata sisi wengine tunaomba "karamu" dukani, na mwenye duka hutupa kalamu bila kutushangaa.

Baadaye darasa la nne walikuwa na somo juu ya mkoa wetu wa Songwe, ambao ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mwalimu akauliza juu ya kimondo cha Mbozi. Sauti moja ya binti ikajibu kwa ufasaha: kiko Ndolezi, kimetoka angani, ni donge la chuma, na urefu wake ni mita 3 hivi. Darasa likampigia makofi. Mmoja wetu aliyekuwa ameshika mwiko akasimama wima akasema, "Huyo ni wangu!" Tukampongeza. Uji nusura uungue.

Mchana mwalimu mkuu alipita jikoni kutusalimu, tukazungumza naye juu ya mtaala mpya ulioanza mwaka 2024. Alitukumbusha kwamba elimu ya msingi sasa ni miaka 6, si 7 kama tulivyosoma sisi. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka ule wa 2024 watamaliza wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Kisha wataendelea na sekondari, kwa kuwa sera inataka mtoto asome miaka 10 ya lazima. "Kwa hiyo, mama zangu," alisema, "muda wa kufidia ni mfupi. Siku ikipotea imepotea."

Tuliitikia, "Ni kweli, mwalimu." Kuitikia ni rahisi.

Alhamisi

Alfajiri ile foleni ilikuwa imefika tena. Tulipokuwa tunavuka barabara kwenda shuleni malori yamesimama kama treni isiyo na mwisho, na biashara imekwisha kuanza.

Saa nne, tulipokuwa tunagawa uji, mwalimu wa darasa la nne alikuja na daftari moja mkononi. Alimwita mwenzetu pembeni, yule yule wa jana. Lakini mwenzetu akasema, "Sema hapa hapa, mwalimu. Hawa ni ndugu zangu." Tunaandika habari hii kwa ruhusa yake. Jina lake tumeliacha.

Mwalimu aliuliza, "Mama, binti anaumwa?"

"Haumwi. Yuko darasani."

"Hayuko, mama. Na juma lililopita siku tatu hakuwapo."

Mwenzetu alibisha. Alisema kila asubuhi binti huvaa sare na kubeba begi. Ni kweli kwamba foleni ikifika, humtuma kwanza apeleke trei la mayai barabarani akae mezani muda wa saa moja, mpaka mdogo wake wa kike afike kumpokea. Baada ya hapo binti huenda shule. Ndivyo walivyopatana.

Mwalimu akafungua daftari la hisabati. Mwenzetu akarudi nyuma hatua moja akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sijui kusoma, mwalimu. Hilo daftari ningeliangaliaje?"

Mwalimu alikuwa binti mdogo, umri wa wanetu wakubwa. Akasema kwa heshima, "Mama, namba si unazijua?"

Namba! Mwenzetu huyu hubadilisha kwacha kwa shilingi kichwani kabla dereva hajatoa mkono mfukoni. Akaanza kusoma tarehe zilizoandikwa juu ya kila kazi, akiweka kidole: 14, 15, 16. Akafunua ukurasa. 21, 22. Akafunua tena. 28, 29, 30.

Akarudi nyuma. Akahesabu kwa vidole. Jumamosi na Jumapili alizitoa. Zikabaki siku 5 katika majuma mawili, na leo ya sita. Zote zilikuwa siku za foleni.

Hakuna aliyesema neno. Watoto walikuwa wamepanga mstari na vikombe vyao wakingoja uji.

Tulikwenda naye barabarani, wawili wetu, wengine wakabaki jikoni. Tulimkuta binti mezani, amevaa sare, sweta juu, begi liko chini ya meza. Alipotuona alianza kulia kabla hajaulizwa. Tuliketi naye. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Siku ya kwanza mpokezi wake alichelewa. Akafika shuleni kengele imekwisha kulia, wachelewaji wamepigishwa magoti mbele ya wenzao. Akaona haya, akageuka. Siku ya pili aliogopa kuulizwa jana alikuwa wapi. Siku ya tatu alikuta darasa limeanza kugawanya kwa njia ndefu, hakuelewa chochote, akaona heri ya mayai. Jioni alimpelekea mama yake fedha zote bila kupunguza hata shilingi.

"Nami nilifurahi," mwenzetu alituambia baadaye. "Fedha zilikuwa nyingi kuliko za saa moja. Nikasema mwanangu ana mkono wa biashara. Sikujiuliza zimetoka wapi."

Tukanyamaza, maana kila mmoja wetu alikuwa na meza yake barabarani, na kila mmoja alikuwa na mtoto.

Ijumaa

Ijumaa binti alifika mapema, ameshikwa mkono na mama yake. Mwalimu hakumpigisha magoti. Alimwita mbele wakati darasa linafanya zoezi, akaanza naye pale alipoachia. Mama alikaa nyuma kidogo, ametoka jikoni na kanga imelowa. Mwalimu akatoa mfano: mayai 75, kila trei huchukua 30. Trei ngapi zitajaa, na mayai mangapi yatabaki? Mama akajibu kabla ya mwanawe: trei 2, yanabaki 15. Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu jana yake. Kisha mwalimu akawaonyesha wote wawili namna ya kuyaandika kwenye daftari yale ambayo mama aliyafanya kichwani.

Mchana, kabla ya kufunga, mwalimu wa zamu alisoma taarifa ya juma mstarini: darasa lililoongoza kwa usafi, darasa lililoongoza kwa mahudhurio, matangazo ya michezo. Darasa la nne walikuwa wa mwisho kwa mahudhurio. Mwalimu alitaja idadi tu, hakutaja majina. Lakini sisi tulielewa kwamba nyuma ya kila namba pana mtoto, na nyuma ya mtoto pana nyumba.

Sisi tulijifunza nini?

Ndugu msomaji, pengine utasema mwenzetu alikosa kwa kumtuma mtoto. Sisi hatutamhukumu. Ni kweli ada ilifutwa, na tangu mwaka 2016 serikali hupeleka fedha za uendeshaji shuleni moja kwa moja. Lakini sare, madaftari, kalamu na chakula bado ni juu ya mzazi, na kwa wengi wetu vitu hivyo hutoka kwenye yale yale mayai. Hatusemi mama afunge biashara. Tunasema kwamba biashara inayonunua daftari isije ikawa ndiyo inayoliacha wazi.

Kosa letu sote lilikuwa jingine. Tulikuwa tukingoja habari za shule zitufikie kwa mkutano wa wazazi, au kwa matokeo mwishoni mwa mwaka. Darasa la nne wana upimaji wa taifa karibu na mwisho wa mwaka, na asiyefikia kiwango aweza kukariri darasa. Je, tungengoja mpaka hapo ndipo tujue? Habari zilikuwa nyumbani siku zote, ndani ya begi, chini ya meza.

Kwa hiyo tumepatana mambo manne, nasi tunayaleta kwenu mkaone kama yanafaa.

Kwanza, kila Ijumaa jioni tufungue madaftari ya watoto. Tuanze na tarehe. Hata asiyejua kusoma anaweza kujua kama tarehe imeruka. Ikiruka, ulize kwa upole kabla ya kuuliza kwa ukali, kwa maana mtoto anayeogopa hujifunza kuficha.

Pili, tuangalie alama za mwalimu. Kazi isiyosahihishwa kwa majuma mengi nayo ni habari, ya kupelekwa kwa mwalimu kwa adabu. Makosa yanayorudiwa ni habari. Hata kurasa zilizochanwa katikati ni habari.

Tatu, tusimwulize mtoto, "Shule vipi?" Atajibu, "Nzuri," na mazungumzo yamekwisha. Tumwombe atufundishe jambo moja alilojifunza leo. Akishindwa kutufundisha, tumejua pa kumsaidia.

Nne, saa ile moja ya asubuhi tumeigawana sisi wenyewe. Foleni ikifika, mama mmoja huangalia meza tatu mpaka wenzake wamalize kazi za nyumbani, na kesho yake huwa zamu ya mwingine. Mayai huchemshwa usiku. Hakuna mtoto mwenye sare anayekaa mezani. Tumeanza tu, na tayari kumekuwa na manung'uniko juu ya chenji, lakini tunaendelea. Mwalimu mkuu naye tulimwomba kwa heshima lile suala la kuwapigisha magoti wachelewaji litazamwe upya. Alitusikiliza, akasema atalifikisha kwa walimu wenzake.

Mama asiyejua kusoma

Liko neno la mwisho, na ni la mwenzetu yule. Ijumaa jioni, tulipokuwa tunaosha sufuria, alituuliza kama umri wake bado unaruhusu kujifunza. Tukamkumbusha mama zetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa 67 katika kila 100. Kufikia mwaka 1986 walikuwa wamepungua hadi 10 hivi. Walisoma chini ya miti baada ya kutoka shambani, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Baadaye jitihada zile zilipoa, na ndiyo maana wapo wengi wa umri wetu ambao walikosa huku na huku.

Basi binti yake amekuwa mwalimu wake. Wanatumia daftari moja, upande wa mbele kazi za shule, upande wa nyuma kazi za mama. Wameanza na sauti, kama darasa la kwanza: mmm, aaa. Juzi mwenzetu alituonyesha ukurasa wake wa kwanza. Juu kabisa, kabla ya herufi yoyote, alikuwa ameandika tarehe.

Je, kwenu hali ikoje? Watoto wanatumwa wapi asubuhi kabla ya shule: mtoni, shambani, sokoni, kwenye kahawa? Mmepatana nini ninyi kwa ninyi? Tuandikieni, nasi tutawashirikisha wenzenu. Hadi mwezi ujao, Mungu awalinde ninyi na watoto wenu, hasa wale wanaovuka barabara kuu kila asubuhi. Wakumbusheni: kulia, kushoto, kulia tena.